Digestive ya maziwa, nyeusi, ya karameli au Hobnob: uchukue ipi ukiwa Dodoma?

Ukiingia supamaketi ya mjini Dodoma yenye rafu ya bidhaa za nje, biskuti za McVitie's zenye chokoleti mara nyingi utazikuta bega kwa bega: Digestive ya chokoleti ya maziwa, Digestive ya chokoleti nyeusi, Digestive ya karameli na Hobnob ya chokoleti. Bei hazipishani sana na pakiti zinafanana umbo. Lakini hizi si biskuti za kwa Mangi za kununua bila kufikiri, kwa hiyo mtu hubaki ameshika mbili mkononi, hajui arudishe ipi.

Hapa tunazipima zote nne kwa mizani moja. Hatutamtangaza mshindi, kwa sababu Dodoma ina mambo mawili yanayobadilisha hesabu yote: joto la mchana, na chai yetu yenyewe. Biskuti inayopendeza jioni ya Julai, upepo ukivuma na watu wamevaa masweta, inaweza kuwa hasara tupu mchana wa Novemba.

Zinatofautiana wapi

Digestive ni biskuti ya ngano: unga mweupe na unga usiokobolewa, mafuta, sukari, bekingi soda, na chumvi inayosikika. Aliyeitunga hii ya McVitie's ni Alexander Grant, mwaka 1892, akifanya kazi kwa McVitie's mjini Edinburgh, Uskoti. Jina lake lilitokana na imani ya enzi hizo kwamba bekingi soda husaidia tumbo kusaga chakula. Soda hiyo hubadilika tanurini wakati wa kuoka, kwa hiyo usimnunulie mwenye kiungulia ukidhani umempelekea dawa. Ya chokoleti ilifuata mwaka 1925, na hadi leo ndiyo inayojulikana zaidi katika ukoo huu.

Ya maziwa na nyeusi zina biskuti ileile, zinatofautiana chokoleti tu. Ya karameli ina tabaka tatu: biskuti, karameli laini, kisha chokoleti ya maziwa. Hobnob ni ukoo mwingine. Ilianza mwaka 1985, na ya chokoleti ikaja 1987. Ndani yake mna oti, zile za kupikia uji, zilizoshikamanishwa na shira ya sukari pamoja na unga wa ngano. Ndiyo maana uso wake una mabonde na vilima wakati wa Digestive ni bapa wenye vitundu.

Jambo dogo la kujua kabla hujaonja: kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, chokoleti iko upande wa chini wa biskuti. Kiwandani biskuti hupita juu ya chokoleti iliyoyeyuka na kupakwa tumboni. Wengi wetu hula chokoleti ikiwa juu. Hakuna kosa, ila ladha hubadilika, na tutalirudia hilo.

Tunapima nini

Vigezo ni sita: inavyovumilia joto, ladha, inavyotafunika, inavyochovyeka kwenye chai, sukari na viambato, na bei kwa uzito. Ukitaka kujipimia mwenyewe nyumbani, nunua pakiti mbili au tatu, ugawane gharama na jirani au wenzako wa ofisini, na mfanye hivi.

Onjeni asubuhi kabla ya saa nne, chumba kikiwa bado na ubaridi. Kila biskuti ikatwe nusu kwa kisu chenye meno, si kwa mkono, kwa sababu mkono wa moto huacha chokoleti vidoleni na anayefuata anaonja iliyokwisha kulegea. Anayekata asionje, na wanaoonja wafumbe macho. Rangi humdanganya mtu: akiona nyeusi anasema chungu hata kabla haijagusa ulimi. Tumieni maji ya kawaida katikati, si chai. Mpangilio uwe nyeusi kwanza, kisha ya maziwa, kisha Hobnob, na karameli mwisho. Mkianza na karameli ulimi hujaa utamu, na zinazofuata zote zitaonekana hazina kitu. Chai ije mzunguko wa pili, kwa nusu zilizobaki.

Joto

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wanaolalamika kwamba biskuti hizi "siku hizi hazina ladha" mara nyingi wamekula biskuti iliyokwisha kuyeyuka na kuganda tena njiani.

Mafuta makuu yaliyomo kwenye chokoleti ni siagi ya kakao. Yakiganda yanaweza kujipanga kwa namna sita tofauti. Kiwandani chokoleti hupozwa kwa utaratibu ili ijipange kwa namna moja inayong'aa, inayokatika kwa sauti, na inayoyeyuka karibu nyuzi 34, yaani chini kidogo tu ya joto la mdomo. Ikiyeyuka ndani ya boksi kwenye buti ya basi halafu ikaganda yenyewe usiku, mpangilio ule umeharibika. Unapata uso uliofifia, madoa meupe au kijivu, na chokoleti inayokatika kama nta. Haina madhara kwa mlaji, ila ulichokilipia kimepotea.

Oktoba na Novemba mchana wa Dodoma hufika nyuzi 31 na kupanda. Chini ya bati, bila feni, ni zaidi ya hapo. Sasa linganisha.

*Nyeusi* ndiyo inayovumilia zaidi. Ina kakao nyingi na maziwa machache, na kwa kuwa mafuta ya maziwa ndiyo yanayoshusha kiwango cha kuyeyuka, yakipungua chokoleti husimama imara. Haina maana kwamba haiyeyuki. Ukiiacha juu ya dashibodi ya bajaji utakuta uji.

*Ya maziwa* huanza kulegea kwenye nyuzi 28 hivi. Biskuti zimelaliana ndani ya pakiti, chokoleti ya moja ikigusa mgongo wa nyingine, kwa hiyo zikilegea na kuganda tena hugeuka gogo moja. Ukizibandua, chokoleti ya biskuti yako huondoka na ya jirani.

*Ya karameli* ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye joto. Chokoleti yake imekaa juu ya kitu laini. Karameli ikipata moto hulainika na kusogea pembeni, chokoleti iliyo juu hupasuka, na ukingo hunata kwenye pakiti.

*Hobnob* chokoleti yake ni ya maziwa, kwa hiyo hulegea sawa na Digestive ya maziwa. Faida yake ni ule uso wa mabonde: biskuti hazigusani sehemu yote, hivyo hata zikishikana huachana kwa urahisi kidogo.

Kabla hujalipa, fanya jaribio la mkono. Shika pakiti kwa ulalo, iweke karibu na sikio, itikise taratibu. Biskuti zilizo salama hucheza na kugongana kidogo, unasikia mlio mkavu. Gogo halilii. Kisha pitisha kidole gumba kando ya pakiti: unatakiwa kuhisi ukingo wa kila biskuti mmoja mmoja, kama meno ya kitana. Ukihisi utelezi mrefu usio na mapengo, irudishe. Chagua pakiti ya rafu ya chini, mbali na kioo cha mlangoni na mbali na taa. Na muulize muuzaji mzigo umeingia lini. Biskuti iliyoingia Juni na iliyoingia Novemba zinaweza kuwa na tarehe moja ya mwisho lakini zimepita safari tofauti kabisa.

Kama unamwagiza mtu kutoka Dar es Salaam, mwambie asiweke kwenye buti ya basi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, imerahisisha jambo hili: mzigo unakaa nawe ndani ya behewa. Uweke mbali na dirisha linalopigwa jua.

Ladha

Nyeusi huanza na chumvi ya biskuti, kisha kakao, kisha uchungu mwepesi unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Si uchungu wa chokoleti zile za kuandikwa asilimia 70. Hii ni nyeusi ya upole, na sukari ipo ya kutosha. Anayetegemea ukali atakatishwa tamaa. Anayeogopa ukali atashangaa kwamba ameipenda. Ngano yake husikika vizuri kuliko kwenye zote nne, kwa sababu chokoleti haiifuniki.

Ya maziwa ni ya duara: utamu, maziwa, harufu ya vanila, na chumvi inayokuja mwishoni kuukata utamu. Hapa ndipo lile suala la juu na chini linapoonekana. Weka chokoleti iguse ulimi na utamu unatangulia; igeuze, chumvi na ngano hutangulia, na biskuti ileile inaonekana haina sukari nyingi. Jaribu zote mbili kabla ya kusema ni tamu mno.

Ya karameli ni tamu kuliko zote, na haifichi. Kuna siagi, sukari iliyoungua kidogo, na mnato. Biskuti moja inaridhisha, ya pili inatosha, ya tatu watu wengi huiacha nusu. Hiyo si kasoro: ni kitu cha kula kimojakimoja baada ya chakula, si cha kutafuna ukiangalia mpira.

Hobnob ina ladha ya nafaka iliyokaangwa, karibu na ule ukoko mtamu wa pembeni ya keki. Oti zinaleta kitu kinachofanana na karanga ingawa karanga si kiambato chake. Chokoleti hapa ni msindikizaji. Anayependa kashata, au anayekwangua sufuria ya visheti, huiangukia hii bila kushawishiwa.

Upande wa visindikizo Dodoma imebarikiwa. Zabibu kavu za hapa, tano au sita kwa biskuti moja, zikiliwa na nyeusi huondoa uchungu na kuacha tunda. Karameli inataka kitu chachu, na juisi ya ubuyu isiyotiwa sukari nyingi inaifaa kabisa: uchachu unausafisha ulimi na kukuandaa kwa tonge linalofuata. Ya maziwa haihitaji msaada.

Kutafuna

Digestive ya maziwa na nyeusi humeguka kwa chenga laini, kavu. Hobnob ni ngumu zaidi na hutoa chenga kubwa, kwa hiyo mwenye meno mabovu au mtoto mdogo sana haimfai kavu. Karameli huanza kwa kukatika halafu inavuta, na hunata kwenye meno ya nyuma. Mwenye meno ya bandia aiepuke.

Zote nne zikiachwa wazi hupoteza mlio wake, lakini kasi inategemea msimu. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu na biskuti huchelewa kulainika. Mvua zikianza, Desemba hadi Aprili, pakiti iliyoachwa wazi kutwa nzima jioni huwa imekwisha kulegea. Biskuti isiyo na chokoleti unaweza kuirudisha kwenye oveni ikakauka. Hizi huwezi, chokoleti itamwagika.

Kwenye chai

Kuchovya kuna fizikia yake, na si utani: mwaka 1999 Len Fisher wa Chuo Kikuu cha Bristol alipewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia kwa kukokotoa namna bora ya kuchovya biskuti. Chai hupanda ndani ya vitundu vya biskuti kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ikifika kote, sukari na wanga vilivyoshikilia biskuti hulegea na kipande kinadondoka. Dawa yake ni kuilaza: ingiza biskuti kwa ulalo, upande mmoja tu uguse chai, ili upande wa juu ubaki mkavu na kuubeba ule uliolowa. Kwa biskuti ya chokoleti, upande wa chokoleti ndio ubaki juu.

Tatizo la kwetu ni chombo. Digestive ina upana wa kama sentimita 7, na glasi nyingi za chai za mgahawani ni nyembamba kuliko hapo. Tumia kikombe chenye mdomo mpana, au imegeni nusu kwanza. Ujaze chai hadi sentimita moja chini ya ukingo, la sivyo vidole vitazama pamoja na biskuti.

Jambo la pili ni moto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Hata hivyo chai iliyotoka jikoni inaipita chokoleti mbali. Subiri dakika tano baada ya kumimina. Chai iliyopoa kidogo huwa nzito kidogo, hupanda taratibu, na unapata sekunde za ziada kabla biskuti haijakatika.

Anza na sekunde tatu, kisha uongeze moja moja mpaka ujue kikomo cha kikombe chako.

Nyeusi na ya maziwa hunywa chai kwa kasi moja, maana biskuti ni moja. Tofauti iko kwenye kikombe. Ya maziwa ikichovywa kwenye chai ya maziwa yenye sukari, chokoleti inapotea: utamu juu ya utamu, maziwa juu ya maziwa. Ipe chai ya rangi yenye tangawizi na utaisikia tena. Nyeusi ni kinyume, inakaa vizuri ndani ya chai ya maziwa, na kwenye kahawa ya kijiweni isiyotiwa sukari inakuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake.

Karameli ina hila yake. Tabaka la karameli huzuia chai isipite, hivyo upande wa juu hukaa mkavu muda mrefu na biskuti hukatika mara chache. Lakini karameli ikipata moto huvuta uzi mrefu kutoka kikombeni hadi kidevuni. Mbele ya wageni, usiichovye.

Hobnob ina sifa ya ugumu, na watu hudhani ndiyo bora ya kuchovya. Ni nusu ya ukweli. Oti zinabaki na nguvu, lakini shira inayozishikanisha huyeyuka, na punje huanza kudondoka kabla biskuti yenyewe haijakatika. Ukimaliza kikombe unakuta uji chini. Wapo wanaoupenda uji huo na kuuchota kwa kijiko. Kama wewe si mmoja wao, ichovye kwa sekunde mbili tu na uitoe.

Sukari na viambato

Digestive moja ya maziwa ina uzito wa karibu gramu 17, kalori karibu 83, na sukari karibu gramu 5. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Maana yake, biskuti tatu na kikombe cha vijiko viwili vinafikia karibu vijiko sita.

Nyeusi haipishani sana na hiyo. Huu ndio upotofu unaowaumiza watu, hasa wanaomnunulia mzazi mwenye kisukari wakiamini nyeusi ni "ya afya". Kwenye orodha ya viambato vya chokoleti yake, sukari ndiyo inayotangulia. Na usidhani haina maziwa: mwenye mzio wa maziwa asome pakiti kwa makini, kwa kuwa mafuta ya siagi huweza kuwemo. Hobnob moja ni kubwa zaidi, kama gramu 19, na kalori zake huzidi 90. Oti zinaongeza nyuzinyuzi, hazipunguzi sukari. Ya karameli ndiyo yenye sukari ya kuangaliwa zaidi, kwa vile karameli yenyewe ni sukari.

Zote nne zina gluteni. Mwenye tatizo hilo hana pa kuchagua hapa.

Soma pakiti uliyoishika, si picha ya mtandaoni. Pakiti zinazopitia nchi za Ghuba huwa na maandishi ya Kiarabu, na viambato vinaweza kutofautiana na vya ile ya Uingereza. Kwa anayeangalia alama ya halali ni hivyohivyo: itafute kwenye pakiti hiyo, usitegemee kwamba ya mwaka jana ilikuwa nayo.

Bei kwa uzito

Usilinganishe bei ya pakiti, linganisha bei ya gramu 100. Gawanya bei kwa gramu zilizoandikwa, zidisha kwa 100. Kwa mfano, pakiti ya gramu 266 ikiuzwa Sh 12,000, gramu 100 ni kama Sh 4,500. Ya gramu 250 kwa bei hiyohiyo ni Sh 4,800. Pakiti ya maziwa ya gramu 266 hutoa biskuti kama 16. Za karameli na Hobnob hutoa pungufu kidogo, jambo la kukumbuka ukiwa na wageni wa kuhesabu. Kwa uzito, nyeusi na ya maziwa kwa kawaida ndizo zenye unafuu.

Ukiona bei imeshushwa ghafla, angalia vitu viwili: tarehe, na lile jaribio la sikio. Punguzo la tarehe iliyokaribia linakufaa kama utazila wiki hiyo. Punguzo la gogo halikufai.

Kuzitunza nyumbani

Friji si adui, ila ina masharti. Biskuti iliyotoka kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo hupata umande, umande huyeyusha sukari ya juu, ukikauka huacha weupe wa kukwaruza. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na ukitoa, liache kopo limefungwa mezani kwa dakika 40 hivi kabla ya kulifungua. Ukiwa na kitunguu au samaki ndani ya friji, kubana kwa mfuniko ni lazima. Chokoleti huvuta harufu.

Weupe huo usiuogope. Pitisha kidole: ukilainika na kupotea ni mafuta ya kakao, ukikwaruza kama mchanga ni sukari. Vyote vinalika. Ukiona manyoya au harufu ya uvundo, tupa.

Pasipo friji, au umeme ukikatika, chungu kinafanya kazi vizuri Dodoma kuliko Dar, kwa sababu hewa yetu kavu hukausha maji haraka na ukaukaji huo ndio unaopoza. Chukua vyungu viwili, kimoja kikae ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Kopo la biskuti lililobana liingie chungu cha ndani, funika kwa kitambaa chenye unyevu, weka kivulini penye upepo. Kiangazi utaona tofauti. Masika kitasaidia kidogo tu.

Ipi kwa nani

Unanunua Oktoba hadi Desemba na utatembea nayo mjini kabla ya kufika nyumbani: nyeusi. Kama unaelekea Kondoa au Singida kwa basi la mchana, hata hiyo iache. Chukua biskuti za sandwichi kama Oreo, ambazo krimu iko katikati na nje hakuna cha kuyeyuka, au Digestive isiyo na chokoleti.

Nyumba yenye watoto na wazee pamoja: ya maziwa. Ni laini kuvunjika, na si rahisi mtu kuikataa. Mpunguzie kila mmoja sukari kwenye chai siku hiyo.

Mnywaji wa kahawa, au mtu anayelalamika kwamba biskuti zote ni tamu: nyeusi, na zabibu kavu kwenye kisahani.

Aliyekuwa na njaa ya kweli saa kumi jioni, ofisini au chuoni UDOM, anataka kitu kinachoshika tumbo: Hobnob. Mbili zinatosha. Awe na kitambaa cha kufutia meza.

Zawadi kwa mwenyeji anayekualika chakula cha usiku: ya karameli, ikiwa ni Juni au Julai, au kama una gari lenye kiyoyozi na utaipeleka moja kwa moja kutoka dukani. Mwambie aiweke mahali pa baridi mpaka chakula kiishe, kisha aipange kwenye sahani upande wa chokoleti ukitazama juu, zisilaliane.

Na kama bado umeshika mbili na foleni ya kaunta inasogea, fikiria kikombe utakachonywea leo jioni. Chai ya rangi, chukua ya maziwa. Chai ya maziwa, chukua nyeusi.